Fyuzi Mfukoni

Nyumba ya Mashine,
Nyuma ya kiwanda cha nyuzi,
Jumamosi, tarehe tisa.

Mpendwa shemeji yangu, Bwana Makoti,

Pokea salamu zetu zote, kubwa na ndogo. Hujambo? Kifua kimepona? Mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi mdomoni, nikasema huyu baridi imempata, na makoti yote yale ya kwenye picha hayajamsaidia kitu. Kazini je, bado mnasimamishwa kutwa nzima? Unakula chakula cha moto au unaguguna mikate mikavu kama panya? Na habari ya kuoa imefikia wapi? Usinijibu kwamba bado unajipanga. Umejipanga mpaka nywele zimeanza kukukimbia.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba hakuna tuliyemzika. Mama yako yupo, mguu wa kushoto unamsumbua lakini ulimi haujaguswa. Ananisema asubuhi, ananisema mchana, na siku asiponisema nampelekea chai nikamwangalie kama yu mzima.

Umeona mwandiko na bila shaka umeshaujua. Anayeandika ni binti yako Kasuku, mtoto wetu mimi na kaka yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Miwani yangu kaka yako aliikalia, na fundi wa miwani anasema mashine yake ya kukatia vioo haiwezi kazi kwa umeme huu wa kuja na kuondoka. Kwa hiyo nusu ya mtaa tunapapasa. Nimemwambia Kasuku aandike kila neno linalotoka kinywani mwangu, hata likiwa la kumsema yeye mwenyewe, na ameahidi. Hapa ameguna. Andika, mwanangu, kwamba umeguna.

Kaka yako hawezi kukuandikia. Kwenye simu tulikuambia kwamba ameumia mkono, na simu ikakatika, nasi tukashukuru kwamba imekatika. Sasa nakwambia vizuri. Mkono wa kulia haupo. Uliliwa na mashine yetu ya kusaga, na hospitali wakaukata juu kidogo ya kifundo. Kidonda kimefunga, amepata nguvu, anakula. Usiache kazi yako ukaja mbio, maana lililokwisha kutokea huliwahi tena.

Nawe umeuliza mara mbili kwa nini Kasuku hajawajibu watu wa chuo cha uuguzi, nafasi ile uliyomhangaikia mpaka ukapata. Mwisho wa kupokelewa ni mwezi huu huu. Ukaniuliza kama mtoto amepata mchumba au amepata kiburi. Hakupata hata kimoja. Jibu lake ni refu, na halisemeki kwenye simu ya kukatika, ndiyo maana leo nimemkalisha mezani na kalamu.

Kwanza ujue hali ya huku, kwa sababu uliondoka taa zikiwaka. Umeme sasa ni mgeni. Shirika lilitoa ratiba ya mgao, wakaibandika kila ukuta: mtaa huu siku hii, kuanzia saa hii mpaka saa hii. Ratiba nzuri kabisa, ya mistari na rangi mbili. Haikufuatwa hata juma moja. Umeme unakuja unapojisikia, unakaa kidogo, unaondoka bila kuaga.

Redio ya betri inatueleza sababu kila siku. Nilivyoelewa mimi ni hivi: serikali haina fedha za kigeni za kulipia mafuta, kwa hiyo meli zinakaa huko huko. Mitambo ya umeme inakosa cha kuchoma. Bila umeme viwanda vinafungwa, na viwanda vikifungwa hatuna cha kuuza nje kituletee hizo fedha za kigeni. Basi tunazunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na kila tukizunguka kamba inafupika. Wachumi wanaongea saa nzima. Kaka yako alikuwa akiwasikia anaizima redio, anasema yeye njaa hahitaji kuelezwa, ameshaifahamu.

Kiwanda cha nyuzi kimefungwa. Kwanza walisema ni mapumziko, halafu wakasema ni matengenezo, halafu wakatoa mashine tatu kwenye lori, basi watu wakajua. Wale kina mama waliokuwa wanapita hapa mwisho wa mwezi na gunia zima la kusaga, wakicheka, wakitania mashine yetu kwamba inakohoa, sasa wanakuja na kopo. Wengine wanakuja mikono mitupu. Wanasubiri wenzao wasage, halafu wanaomba ule unga unaobaki ndani ya mashine, ule wa kufagia. Zamani tulikuwa tunawapa kuku. Juzi mmoja aliyekuwa msimamizi wa zamu, mwanamke wa kujiheshimu, viatu vyake vimepakwa rangi, alinishukuru kwa unga wa kufagia mpaka nikaingia ndani kujificha.

Fundi Cheche wa kuchomelea, rafiki yako, ameuza mtambo wake kwa mtu wa vyuma chakavu. Sasa anasukuma mkokoteni. Kinyozi amerudi kwenye mkasi, na ukikutana na mtu ana plasta sikioni usimuulize ametoka wapi. Pasi za mkaa zimetoka uvunguni, na mkaa nao umepanda bei kwa sababu kila mtu anautaka. Kwenye friji letu nimeweka nguo za kutokea na vitabu vya Kasuku, angalau panya hawaingii. Mama yako anafurahi kwa ubaya. Anasema tumemfuata utotoni mwake, tofauti ni kwamba utotoni mwake hapakuwa na bili.

Mashine ya kusaga ndiyo iliyotuweka hai. Kaka yako alijaribu injini ya dizeli ya kuazima. Dizeli ikawa ya kupangia foleni tangu alfajiri, na ukiipata, bei ya kusaga inataka kulingana na bei ya nafaka yenyewe. Nani atakubali? Akairudisha injini ya watu, tukabaki na mota ya umeme na Mungu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoanzia. Umeme ukirudi, mtaa mzima unaurukia kwa pamoja. Aliyewahi, mota yake inazunguka. Aliyechelewa, ya kwake inaguna tu na kutoa joto, kwa sababu nguvu yote imeshanyonywa. Kwa hiyo watu wote tulizoea kuacha swichi zimewashwa, umeme upo au haupo. Mashine yetu ilikuwa inaachwa tayari, nafaka juu, swichi juu, fyuzi mahali pake, ili umeme ukigusa waya tu ianze yenyewe. Ikilia, watu wanatoka majumbani na makopo yao, hakuna haja ya kuwaita. Kaka yako alijivuna kwamba katika mtaa wote hakuna anayemtangulia.

Unaikumbuka sheria ya marehemu baba yenu: fyuzi mfukoni, ndipo mkono ndani. Kabla hujafungua mlango wa mashine unachomoa kile kidude ukutani na kukitia mfukoni mwako, na hapo hata umeme urudi na radi zake haufiki kwenye mota. Kaka yako aliishika sheria hiyo kama sala. Aliiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Alituimbia sote, hata mimi ambaye tangu siku niliyoolewa sijaigusa mashine ile kwa woga, na nyinyi mlinicheka sana kwa hilo.

Siku yenyewe chekeche lilikuwa limetoboka, unga unatoka na chenga. Ilikuwa asubuhi, na ratiba ilisema zamu yetu ni alasiri. Makopo yalikuwa yameshapangwa kwenye foleni, wenyewe wamekaa kivulini wanapiga soga. Kaka yako alichomoa fyuzi, akaitia kwenye mfuko wa koti la kazi, akalitundika koti kwenye msumari kwa sababu ya joto. Akabadilisha chekeche, akafunga mlango. Kazi ya Kasuku ilikuwa kurudisha fyuzi baba yake akimaliza. Akaitoa kwenye koti, akairudisha ukutani, akaja jikoni kunisaidia. Baba yake akafungua tena mlango wa mashine kukaza nati iliyokuwa imelegea. Umeme ukarudi.

Mimi nilikuwa nakuna sufuria. Nilisikia mashine inaanza, shemeji, na nilifurahi. Nikasema asante Mungu, leo umewahi. Halafu nikasikia sauti yake imebadilika.

Sitakueleza yaliyofuata, kwa sababu anayeandika alikuwepo na anayajua. Fundi Cheche alimbeba kwenye ule mkokoteni wake mpaka hospitali. Pale tuliambiwa jenereta la chumba cha upasuaji limebakiwa na dizeli ya kumalizia mama mmoja aliyekuwa ndani anajifungua kwa kisu. Hawakuwa watu wabaya. Nesi aliyetuambia alikuwa analia. Fundi Cheche akachukua dumu, akakimbia kituo cha mafuta, akapita lori kwa lori kwenye foleni anaomba, na madereva wakamnyonyea kila mmoja kidogo. Muda wote huo kaka yako alilala mlangoni pa upasuaji kwenye kitanda cha magurudumu, akisubiri dizeli kama lori. Daktari alisema angeingia saa ile ile, huenda angebakiwa na kidole gumba. Mtu akiwa na gumba tu anashika kijiko, anashika jembe, anashika kalamu. Gumba lile nalifikiria kuliko mkono wote.

Kaka yako alipozinduka, Kasuku alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Akasema, mbele yangu na mbele ya kaka yangu, mjomba wake, kwamba yeye ndiye aliyerudisha fyuzi. Kaka yako alimtazama. Nikadhani dawa bado zimemlevya. Akasema, imeshapita hiyo, mwanangu.

Basi.

Tangu siku hiyo binti yako huyu, uliyempa mwenyewe jina la Kasuku kwa sababu alikuwa anaongea mpaka na kuta, ameutia mdomo kufuli. Anajibu akiulizwa. Anasema ndiyo, anasema hapana, anasema nimeshakula na hajala. Ameshika mashine. Fyuzi inalala mfukoni mwake, hamwachii mtu, na umeme ukirudi yeye ndiye anayekimbia kuirudisha na kuwasha. Anabeba magunia ya watu, anakaza mkanda, anafagia unga, jioni ananijia mweupe kuanzia nyusi mpaka kucha. Nilipomuuliza habari ya chuo aliniambia maneno mengi kuliko yote aliyosema mwezi ule. Alisema, "Mama, baba hana mkono. Mkono wake ni mimi."

Na watu wamemsifu! Kila anayekuja na kopo anasema mtoto wa aina hii hayupo tena duniani. Kaka yako anakaa kwenye benchi mlangoni, shati limekunjwa mkono mmoja, anawaambia wateja kwamba Mungu alimnyima mtoto wa kiume akampa zaidi ya huyo. Wanacheka. Mimi sicheki.

Nimemwambia si kosa lake. Mjomba wake amemwambia. Mwalimu wake alikuja akamwambia usijilaumu, binti, wewe ulikuwa unafanya kazi yako. Hivi mtu akikwambia kutwa usijilaumu, si ameshakuambia kosa ni la nani? Kila aliyekuja kumfariji alimwongezea mzigo akaenda zake. Nami mama yake ni mmoja wao, maana sikuwa najua lolote zaidi ya hilo.

Sasa najua. Kasuku, shika kalamu vizuri na usiniangalie hivyo.

Shemeji, miwani yangu ni kweli imevunjika, lakini herufi kubwa bado naziona, na mkono wangu haujasahau. Ningeweza kukuandikia mwenyewe, ingawa ungesoma kwa taabu. Nimemtaka yeye ayaandike haya, kwa sababu nikimwambia kwa mdomo ataniambia namtuliza, ataondoka kwenda kufagia. Akiandika hawezi kuondoka.

Juma lililopita nilikuwa namfunga kaka yako vifungo vya shati. Kazi hiyo ni yangu sasa, asubuhi na jioni, na huwa tunaifanya kimya kwa sababu inamtia aibu. Nilikuwa nimefika kifungo cha tatu. Akaniambia, "Mama Kasuku, ile fyuzi niliiona."

Nikamuuliza fyuzi gani.

Akanieleza huku anatazama ukuta. Kasuku hakurudisha fyuzi kwa kujiamulia. Baba yake ndiye aliyempigia kelele airudishe, haraka, watu wasije wakakosa. Mtoto amesahau kwamba aliitwa. Amekumbuka mkono wake tu, hakukumbuka sauti iliyomtuma. Kisha kaka yako akakumbuka ile nati. Akafungua mlango wa mashine, akageuka akatazama ukutani, akaona fyuzi ipo mahali pake. Aliiona, shemeji, kama ninavyoiona kalamu hii. Akawaza kwamba zamu yetu ni alasiri. Akawaza tena kwamba umeme unaweza kurudi wakati wowote, na akiichomoa halafu ukarudi, wengine watamtangulia, mota itaguna, na makopo yote yale yatarudi nyumbani na nafaka nzima. Mawazo mawili yasiyokaa pamoja, akayakubali yote mawili. Nati ni ya kuzungusha kidogo tu. Akatia mkono.

Huyo ndiye aliyeandika sheria kwa rangi nyekundu.

Sikumchukia, na wewe usimchukie. Kabla ya mambo haya asingefanya hivyo hata ungempa dunia. Hakuwa mzembe wala mlevi. Alichoshwa na kuwaangalia watu wakisubiri unga, akaona akipoteza dakika moja amewapotezea siku.

Nililomchukia ni jingine. Nilimuuliza kwa nini hajamwambia mtoto. Nilidhani atasema anaona aibu. Aibu ningeielewa. Akasema, "Nikimwambia ataondoka. Akiondoka, tutakula nini?"

Akalia. Nikamfunga kifungo kilichobaki, kwa sababu ndicho kilichokuwa mbele yangu.

Nikamwambia amwambie mwenyewe. Akasema kesho. Kesho yake akasema mtoto amechoka, aachwe apumzike. Siku nyingine akasema wateja ni wengi. Kila siku anaamka na neno lake kinywani na kila siku analimeza na uji. Na mwezi unakwisha. Watu wa chuo hawatamsubiri mtu ambaye hajawajibu, wapo wengine mia wanaoitaka nafasi hiyo.

Nimefikiri sana, shemeji. Kaka yako ni mume wangu, na aliniambia mimi kwa siri. Lakini nimemwona mtoto wangu akila makombo ya kosa ambalo si lake, tena akishukuru. Nimeona baba yake anamwachia ale. Hiyo siwezi. Umeme umetuchukulia kazi, umetuchukulia mkono, kiwanda kimechukua majirani. Huyu hawamchukui, na baba yake hamchukui.

Ameacha kuandika. Andika na hilo pia, mwanangu.

Nimemwambia andika. Andika kama nilivyosema: baba yangu aliiona fyuzi.

Baba yangu aliiona fyuzi.

Shemeji, hapa ni mimi mwenyewe. Usiucheke mwandiko, ni kuku ameparua.

Aliniuliza, "Mama, ni kweli hii?" Nikamwambia ni kweli. Akauliza, "Tangu lini anajua?" Nikasema tangu pale pale. Akafunika kalamu. Akatoa fyuzi mfukoni, akaiweka mezani karibu na karatasi hii, akatoka.

Yuko nje kwenye benchi, mbele ya baba yake. Mlango uko wazi, nawasikia. Anamuuliza, "Ulikuwa unajua?" Sauti yake sijaisikia hivyo tangu ajali, imejaa nyumba nzima. Baba yake anamwambia, "Kaa, mwanangu." Anasema, "Sikai. Nijibu." Watu wa makopo wamegeuka wote kuwatazama.

Amemjibu. Sikusikia neno, nimesikia mtoto amelia. Si kilio cha kujificha kile cha usiku, ni cha hasira, na anamwita baba, baba, anampiga kwa jina hilo. Sijui kama nimefanya vema. Sijui kama kesho nyumba hii itakuwa na watu wanaosemeshana. Kaka yako leo amepoteza zaidi ya mkono na mimi ndiye niliyeukata. Najua hivyo, na nimeukata.

Ninachokuomba ni kimoja. Waandikie watu wa chuo waambie anakuja. Usimsubiri yeye akwambie. Akikataa kwa hasira nitamvalisha viatu mwenyewe.

Umeme umerudi sasa hivi. Redio ya jirani imepiga kelele, watu wanaita, "Mama Kasuku! Umeme!" Natazama dirishani, hawa wawili hakuna anayesogea. Yeye amesimama, baba yake amekaa, kichwa chini. Waache. Haya yana haki ya kumalizwa.

Salamu nazifupisha. Mama yako anakusalimu na kukuombea. Mjomba anakusalimu. Fundi Cheche anasema umletee koti moja, hata lililochanika. Kaka yako hajanituma salamu, lakini anakupenda, nami namtolea hizo kwa niaba yake. Mungu akulinde na baridi, akulinde na upweke, akupe riziki isiyokudai viungo vyako.

Wanagonga. Atakayechelewa leo hatasaga, na wengine wamekuja kwa miguu kutoka mbali. Mashine ile naiogopa mpaka leo, shemeji, lakini nimeichukua fyuzi mezani na nakwenda kuwasha mwenyewe.

Ndimi akupendaye bila kukuficha,
Mke wa kaka yako.